Kabati Lenye Kufuli

Juni 2017, serikali ya Kenya ilipiga katuni marufuku. Si utani. Bodi ya Kuainisha Filamu, hii tunayoiita KFCB, ilitoa orodha ya sita: The Loud House, Hey Arnold!, The Legend of Korra, Steven Universe, Adventure Time na Clarence. Kosa lao, kulingana na bodi, lilikuwa kuwafunza watoto ushoga. Kampuni iliyokuwa ikizirusha kwa setilaiti ikaambiwa iziondoe hewani.

Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu. Habari ilitufikia kama kichekesho, maana kwenye ploti yetu Kayole hakuna nyumba hata moja iliyokuwa inalipia DStv. Tulikuwa na zile dekoda za bei ya chini zenye chaneli za bure. Hizo katuni sita tulizisikia majina kwa wenzetu wa mitaa yenye pesa, na baada ya marufuku ndipo wengi wetu tulizitafuta.

Lakini kila nyumba ilikuwa na simu. Na mwishoni mwa mwaka huo huo ndipo watu waligundua kwamba YouTube ilikuwa imejaa video zilizotengenezwa zionekane kama katuni za watoto wadogo kabisa. Elsa wa Frozen, Spider-Man, nguruwe mdogo Peppa. Ukifungua unakuta Peppa anateswa na daktari wa meno, Elsa anadungwa sindano, damu, vilio. Hakukuwa na msanii nyuma yake mwenye hoja yoyote. Zilitengenezwa kukusanya pesa za matangazo, na mashine ya YouTube ndiyo ilikuwa inazipanga moja baada ya nyingine mbele ya mtoto wa miaka mitatu ambaye mama yake yuko jikoni na anadhani mtoto ametulia. Kampuni ilizifuta kwa maelfu.

Hivyo mwaka ule ule bodi ilikuwa imesimama mlangoni kwa wenye DStv ikiwakinga na katuni sita, na simu iliyokuwa mkononi mwa mtoto wa jirani yetu hakuna aliyekuwa anaiangalia. Nimerudi kwa huo mwaka mara nyingi, hasa tangu nianze kuishi na mtoto ambaye si wangu, jambo nitakalolifikia. Nataka kujua tulifikaje mahali ambapo kila mtu nchini ana maoni kuhusu watoto watazame nini, isipokuwa aliye nao chumbani.

Mjadala wa wazazi na skrini huanzia kwa simu, kana kwamba kabla ya simu hakukuwa na kitu cha kumtisha mzazi. Mimi nilisoma historia chuoni miaka miwili kabla karo kunishinda, na tabia moja iliyobaki ni hii: ukiniletea sheria nitakuuliza ilizaliwa lini, na ilizaliwa imlinde nani kutokana na nani. Sheria ya filamu ya Kenya, ukiifuata nyuma, inafika 1912. Nairobi ilikuwa na miaka 13. Nchi haikuwa hata inaitwa Kenya, ilikuwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Na tayari palikuwa na ordinansi ya michezo ya jukwaani na sinema.

Hofu kubwa ya serikali za kikoloni eneo hili haikuwa mtoto. Ilikuwa Mwafrika mtu mzima aketi gizani amwone Mzungu akiiba, akilewa, akipigwa ngumi, au amwone mwanamke wa Kizungu akibusiwa. Amwone hivyo, halafu kesho asubuhi amwite bwana? Ndiyo maana bodi za udhibiti katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki na ya Kati zilikuwa na filamu zinazoruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Leo tunaandika 18 kwenye bango. Wakati ule rangi ndiyo iliyokuwa umri. Mzee mwenye wajukuu alizuiwa mlangoni, na kijana wa Kizungu akapita.

Walikuwa hata na nadharia. William Sellers, afisa wa afya aliyeanza kwa kuonyesha filamu Nigeria na baadaye akaongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoundwa London 1939, alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu ya kawaida. Atengenezewe yake: mwendo wa pole, picha moja ikae muda mrefu, kamera isirukeruke, hila za uhariri ziondolewe. Kuna hadithi waliyopenda kusimuliana wao kwa wao. Ati wanakijiji walionyeshwa filamu ya malaria, mbu akakuzwa mpaka akajaza skrini, nao wakashusha pumzi wakasema, afadhali, huku kwetu hakuna mbu wakubwa hivyo. Mimi kila nikikutana na hiyo hadithi huwa nawaza kwamba huyo mwanakijiji alikuwa anatania. Niite mkutano jioni nimetoka shambani, uanze kunieleza mbu ni nini, na mimi pia nitakujibu vivyo hivyo.

Kinachoudhi ni kwamba ushahidi wa kinyume ulikuwepo miaka kumi kabla Sellers kukalia hicho kiti. 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki akiwaonyesha wanafunzi filamu za elimu, kisha wakaandika insha kuhusu walichokiona. Akakuta wameelewa vizuri tu. Watoto walifaulu mtihani, na bado wazazi wao wakaendelea kuitwa watoto.

Halafu kati ya 1935 na 1937 kukawa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kwa pesa za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35: kulipa kodi, kuweka akiba posta, minyoo ya safura, hata hadithi ya sungura na chui. Wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko kusini. Nyingi ni kavu kama mkutano wa chifu. Lakini kuna kitu kimoja ndani ya huo mradi ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko filamu zenyewe. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilikuwa kwenye santuri, ili filamu moja iweze kuelezwa kwa lugha tofauti, Kiswahili kikiwa mojawapo. Na baadaye, magari ya sinema ya serikali yalipoanza kuzunguka vijijini, akasimama mtu na maikrofoni kando ya kitambaa cheupe, akieleza kwa lugha ya wenyeji kinachoendelea.

Serikali ilimweka pale ili watu waelewe kile ilichotaka waelewe. Lakini afisa asiyejua Kikamba atajuaje mtu wa maikrofoni amesema nini? Huyo mtu mkumbuke, tutakutana naye tena.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa 1962. Uhuru ukaja Desemba 1963. Kwa hivyo serikali yetu wenyewe ilipoingia ofisini ilikuta sheria mpya mezani, inayotaka kila filamu ipitie kwa bodi kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Ubaguzi wa rangi ukaondoka. Kiti cha mzazi wa taifa kikabaki pale pale, na waliokuwa jana wakiitwa watoto wakakikalia. Ukishakikalia kile kiti, kila aliye mbele yako anaanza kuonekana mtoto.

Mwaka huo huo wa 1962 televisheni ilianza, ikirushwa kutoka nyumba moja ya shamba kule Limuru, mawimbi yakifika maili 15 hivi. Kutoka hapo hadi KTN ilipokuja 1990, mrushaji wa TV Kenya alikuwa mmoja, wa serikali. Wazee husema TV ya enzi hiyo ilikuwa safi na siku hizi ni uchafu mtupu. Siwabishii sana. Vitimbi na Vioja Mahakamani, babu na mjukuu wangetazama pamoja bila mtu kuinamisha kichwa. Lakini usafi huo ulikuwa na bei, na waliolipa hawakuwa watoto. Limuru hiyo hiyo, Novemba 1977, leseni ya kuonyesha Ngaahika Ndeenda ilifutwa, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii uliokuwa ukiigizwa na wanakijiji wenyewe kule Kamĩrĩĩthũ. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa akawekwa kizuizini. Mzazi wa taifa alipokuwa anachagua cha kutazamwa, alikuwa anawachagulia watu wazima kwanza.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema serikali iingilie kati kwa ajili ya watoto, sehemu fulani ya kichwa changu huamka.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu si kila udhibiti ulitoka ofisini. Kama ulizaliwa Eastlands miaka ile yangu unajua TV ilikaa wapi. Kwetu ilikuwa Greatwall ya inchi 14, ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili na kufuli. Juu yake kitambaa alichokishona shosho, juu ya kitambaa maua ya plastiki. Ufunguo ulikaa kwenye kibeti cha mathe. Akitoka kwenda kazini, TV imelala. Akirudi, sahani zikiwa zimeoshwa na homuwaki imeonekana, kabati linafunguliwa. Hakuna programu ya simu iliyowahi kufanya kazi kama ile kufuli.

Na kulikuwa na ile mbinu ambayo naamini kila mama wa Kenya alizaliwa nayo. Watu wawili kwenye skrini wakianza kukaribiana midomo, ghafla mathe anashikwa na kiu. "Enda uniletee maji." Unaenda, unarudi na kikombe, watu wawili sasa wako kwenye gari wanaongea mambo mengine. Maji yenyewe hata hayanywi. Nilishaanza kujua ninachokosa kutokana na wingi wa vikombe mezani.

Nacheka, lakini sehemu hii nailinganisha na mambo ya leo kuliko nyingine yoyote. Kufuli ilizuia, ndiyo. Ila kilichofanya kazi kubwa hakikuwa kufuli, kilikuwa sebule. Skrini ilikuwa moja na sisi tulikuwa watano, wakati mwingine kumi, kwa sababu majirani wasio na TV walikuja Jumapili kwa Afrosinema na jioni nyingine kwa Tahidi High. Ulipotazama kitu, waliokuzunguka walikuona ukikitazama. Ulipocheka mahali pasipofaa, mtu aligeuka. Mganga wa filamu ya Kinaijeria alipotokea na macho mekundu na ukaogopa, kulikuwa na mama mmoja wa kusema kwa sauti, "Huyo ni wa kuigiza tu, hata hiyo damu ni rangi." Nilijifunza filamu hutengenezwa vipi kutoka kwa mama mboga.

Halafu kulikuwa na banda la video. Letu lilikuwa nyuma ya stage: mabati, pazia jeusi zito la mlangoni, mabenchi, kiingilio shilingi kumi, tano kama wewe ni mdogo na mwenye banda ameamka vizuri. Na hapa ndipo mtu wa maikrofoni anarudi. Anaitwa DJ Afro. Kama ulikulia huko sihitaji kukueleza. Kama hukukulia huko: anachukua filamu ya Wachina, ya Wamarekani, ya Wahindi, anapunguza sauti yao na kuweka yake juu, Kiswahili na Sheng, anasimulia, anatania, anamsema adui, anamhurumia mama ya mhusika, anatoa onyo kabla ngumi haijafika. Shujaa wa Hong Kong anapewa tabia za msee wa mtaa wenu. Sellers alisema watu wetu hawawezi kufuata picha zinazokimbia, nasi tulikuwa watoto wa darasa la tatu tunafuata kung fu bila shida, na hapo hapo kuna sauti ya mtu mzima, wa kwetu, inatuambia huyu ni mbaya na utaona mwisho wake.

Sidhani DJ Afro alikusudia kulea mtu. Anafanya biashara. Lakini alikuwa anafanya kitu ambacho bodi, kwa mihuri yake yote, haijawahi kufanya: kukaa na mtazamaji filamu ikiendelea.

Mwenye banda naye alikuwa na sheria zake. Sare ya shule haiingii. Ikifika saa mbili usiku watoto nje, zinaanza za wakubwa. Siku moja nilijikunyata kwenye benchi la nyuma nikidhani giza limenificha. Akaja na tochi, hakunipiga, hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Msalimie mamako." Nilikuwa nje kabla hajamaliza. Hiyo ndiyo nguvu ya mtu anayekujua nyumbani kwenu.

Nisiwapake mafuta wenye mabanda. Kulikuwa na mengine, hata si mbali na letu, yaliyoonyesha mikanda ya ngono mchana na mtoto yeyote mwenye kumi aliingia. Misako ilipofanywa huko, mimi nilikuwa upande wa wasakaji, na bado niko. Kuna kazi ambayo kufuli ya mathe haiwezi na ambayo lazima mwenye cheo aifanye, na kumfungia mtu anayewauzia watoto ngono ni mojawapo. Shida yangu ni kwamba wenye cheo wetu wamekuwa wepesi zaidi wa kufanya ile nyingine. Januari 2014 walipiga marufuku The Wolf of Wall Street, filamu ya watu wazima, isionwe na mtu mzima yeyote. Januari 2016 Netflix ilipofika, mkuu wa KFCB akasema ni tishio kwa usalama wa taifa. 2018 wakazuia Rafiki ya Wanuri Kahiu, na mahakama ilipoiruhusu kwa siku saba mwezi wa Septemba, ilikuwa kwa watu wazima pekee. Watu wakapanga foleni Prestige Plaza, kila mmoja na kitambulisho chake. Foleni ile ilikuwa ya watu wenye kura, kodi na watoto wao wenyewe. Bodi ilikuwa inawaona kama 1912.

Kwenye madaraja ya KFCB kuna moja ambalo nalipenda. Kuna GE, kila mtu atazame. Kuna 16, kuna 18. Na katikati kuna PG, yaani mzazi awe anaongoza. Kati ya yote hilo ndilo pekee linalokubali kwamba kuna mtu mwingine chumbani. Mengine yanazungumza na mwenye ukumbi, yanamwambia nani aingie na nani abaki nje. PG inamwambia mzazi, njoo ukae hapa. Na ndilo daraja ambalo haliwezi kusimamiwa na polisi.

Kumbi zenyewe zimekwisha, nyingi. Globe Cinema Nairobi sasa ni jina la raundabauti. Mabanda yamegeuka ya mpira na kubeti. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009, 2011 Safaricom ikaanza kuuza Ideos kwa elfu nane hivi, na kuanzia hapo skrini ikatoka sebuleni ikaingia blanketini. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mlango wa ukumbi haina mlango tena wa kusimamia. Hata ile namba 13 ambayo watoto hudanganya wanapofungua akaunti haikutoka Nairobi. Imetoka kwa sheria ya Marekani ya 1998 inayohusu kukusanya taarifa za watoto mtandaoni. Iliandikwa kuzuia kampuni zisichukue data ya mtoto bila idhini ya mzazi. Haikuandikwa kusema mtoto wa miaka 13 yuko tayari kuona nini. Sisi wazazi na walezi tumeichukua kama ushauri wa daktari. Agosti 2023 ombi likapelekwa Bunge la Taifa kutaka TikTok ipigwe marufuku kabisa. Unaona? Mkono bado unatafuta kufuli ya 1962.

Sasa huyu mtoto. Ni wa dadangu, ana miaka kumi, tunaishi naye Kayole, mimi, yeye na mathe ambaye siku hizi anauguza miguu. Dadangu yuko Doha, mwaka wa tatu sasa, kazi ya nyumbani. Baba ya mtoto yuko nchi hii hii. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema baba na mama wana jukumu sawa la kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Naliacha hapo.

Kazi ya dadangu huko ni nini? Pamoja na kupika na kuosha, anaangalia watoto wawili, na mama yao amempa ratiba: dakika arobaini za tableti baada ya chakula, basi. Anaifuata. Watoto wakilia anavumilia, anawatoa nje, anawatafutia mchezo. Analipwa kudhibiti skrini ya watoto wa mtu. Halafu usiku anaingia chumbani kwake, anampigia mwanawe kwa video, na mwanawe anamjibu huku jicho moja liko kwa klipu nyingine.

Simu aliinunua yeye. Alituma pesa makusudi, ili mtoto awe na yake na asingoje mimi nirudi. Bila hiyo simu huyu kijana angemjua mamake kwa sauti za kutumwa na picha za zamani. Nayo ndiyo simu iliyomletea, mwezi wa Machi, video ya watu wakimpiga mwizi mpaka mwisho. Haikuwa ya kuigizwa. Ilitumwa kwenye grupu la vijana wa mpira wa mtaa, tena na mtu mzima. Nilijua kwa sababu alikataa kwenda dukani peke yake siku tatu, na siku ya nne akaniuliza, "Anko, wakikosea mtu?"

Nilimweleza dadangu. Alinyamaza muda mrefu.

"Mchukue hiyo simu."

"Nikiichukua utaongea naye na nini?"

"Yako."

"Na mimi narudi saa nne."

"Basi weka ile app. Nione kila kitu nikiwa huku."

Niliiweka. Inamtumia ripoti kila jioni: dakika ngapi, video gani, programu gani. Saa za Doha na za Nairobi ni sawa, kwa hivyo ripoti inamfikia akiwa bado anapanguza jikoni ya watu, na anaisoma saa tano usiku mtoto ashalala. Inamwambia kila kitu isipokuwa mtoto aliogopa. Kisha asubuhi ananiandikia, ilikuwaje dakika 22 za kitu fulani, nami nakuwa kama mshukiwa.

Simlaumu hata kidogo. Yeye anataka kile mathe alikuwa nacho, ufunguo kwenye kibeti. Ninachomwambia, na hatujakubaliana, ni kwamba ufunguo ulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa mama mboga aliyesema ile damu ni rangi. Katika historia yote hii, kutoka gari la sinema la mkoloni mpaka banda la nyuma ya stage, sioni wakati ambapo mtoto au mtu mzima alilindwa vizuri na aliyekaa mbali na kuchagua. Naona mara kadhaa akilindwa na aliyekaa karibu na kuongea. Mtoto wa miaka mitatu sitamjadili, huyo usimpe simu, kwisha. Wa miaka 15 utamficha nini? Ni hapa katikati, miaka tisa, kumi, kumi na moja, ndipo panahitaji mtu mzima mwenye muda, na muda ndio kitu ambacho familia yetu ilisafirisha Doha kwa mkataba.

Sisemi hivyo kumtupia nani lawama. Nasema kwa sababu mapendekezo yote ninayosoma kuhusu watoto na skrini huanza na mzazi aliye sebuleni. Andika mapendekezo ya shosho mwenye simu ya mulika mwizi na anko anayeandika makala kwa vipande, halafu nitayasoma.

Kwa sasa tumefika hapa. Grupu la mpira ametolewa, na aliyetuma ile video nilienda kumwona mwenyewe. Simu inalala kwa mathe kuanzia saa tatu. Jumamosi mchana, wakati wa mapumziko yake, dadangu anapiga na tunaegemeza simu kwenye kikombe cha maji, tunatazama filamu moja sote watatu, yeye akiiona kwa pembe na sauti ikichelewa. Wiki iliyopita ilikuwa ya kung fu, kijana aliichagua, ile ya kusimuliwa. Dadangu alicheka mpaka akazima kamera. Tunachobishania bado ni earphones. Mimi nasema katikati ya wiki zisiwepo kabisa, chochote anachotazama kisikike nyumba nzima. Mathe anasema hataki kelele, na dadangu anasema nyumba ni ya mathe, lakini zile earphones ni yeye alizinunua.